Kibendera Chekundu cha Machimboni

Lifti zote mbili za jengo la ghorofa kumi na mbili ziligoma asubuhi moja ya Jumatatu, saa mbili na robo, wakati kila mwenye ofisi humo alikuwa amesimama ukumbini na faili kwapani. Watu walijaa hadi mlangoni. Marashi ya kila aina yalichanganyika na jasho, visigino viligonga sakafu kwa hasira, na mlango wa lifti ya kulia ulikuwa wazi, ukionyesha shimo jeusi na nyaya zinazoning'inia.

"Fundi! Itapona leo au tuandike wosia?" mama mmoja aliita.

"Andika tu, mama," sauti ilijibu kutoka shimoni. "Wakili yuko ghorofa ya sita. Ila itabidi upande ngazi."

Ukumbi ulicheka. Hata mwanamke mfupi aliyekumbatia boksi lililomfika kidevuni alicheka, ingawa alikuwa amekusudia kununa. Kazini kwake, kwenye duka la uchapaji la mtaa wa nyuma, walimwita Nukta, kwa sababu alikuwa mfupi na kwa sababu akishasema jambo, limekwisha. Siku hiyo alivaa blauzi ya njano iliyopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, na sketi ndefu ya rangi ya kahawa. Boksi lile lilitakiwa ghorofa ya tisa kabla ya saa tatu.

Kichwa kilijitokeza shimoni, kikafuatiwa na mabega mapana ndani ya ovaroli ya buluu yenye mfuko ulioungua. Fundi alitazama umati, macho yake yakatua kwa Nukta.

"Dada, boksi hilo lina nini?"

"Kalenda."

"Za mwaka gani?"

"Za mwakani."

"Sasa haraka ya nini?"

Nukta alitafuta jibu la kumkata maini, lakini kicheko kilimponyoka. Fundi akajifuta mikono, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Ya kushoto nimeshaitengeneza. Nataka mtu mmoja mwenye mzigo nipande naye kuijaribu. Nani ana imani?"

Watu walitazama saa zao, viatu vyao, dari. Nukta alisema kimoyomoyo, "Bwana, mikononi mwako," akaingia.

Lifti ilipanda kwa kusitasita, kama mgonjwa anayefundishwa kutembea. Kutoka kwenye mkoba wa vifaa wa fundi ulichungulia ukingo wa kitu cha plastiki, cha rangi ya chungwa.

"Unatembea na sahani?"

"Si ya kulia. Ya kurusha." Alikitoa, kisahani bapa chenye ukingo mnene. Upande wa chini palikuwa na namba ya simu. "Gofu ya visahani. Unasimama hapa, kule mbali kuna kikapu cha minyororo, unarusha mpaka kiingie. Namba ni ya kumsaidia atakayekiokota, akupigie."

"Mtu mzima kama wewe?"

"Wazima watupu. Juzi alishinda bibi wa miaka sitini na mbili." Alikohoa kidogo. "Chama chetu kimenipa kazi ya kuandika kijitabu. Viwanja sita vya mkoa huu vinavyostahili kutembelewa. Nimeshaandika. Tatizo sijui nani atakipanga vizuri kabla hakijachapwa."

Nukta alitazama taa ya namba nane ikizimika na ya tisa ikiwaka. Ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na moja.

"Kilete duka la mtaa wa nyuma," alisema. "Uulize Nukta."

Alikileta siku hiyohiyo, saa sita na nusu, nywele zikiwa bado na vumbi la shimoni. Nukta alisoma kurasa zote amesimama, huku mwenye duka akimwangalia kwa juu ya miwani.

"Fundi, umeandika 'uwanja huu ni mzuri sana' mara sita."

"Vyote ni vizuri."

"Msomaji anataka kujua avae viatu gani. Jua linampiga usoni saa ngapi? Kuna choo? Kikapu cha kwanza kiko wapi?"

Fundi alikuna kichwa. "Hayo yote nayajua, lakini nikishika kalamu yanapotea. Njoo uone mwenyewe basi, uandike wewe."

Na ndivyo Jumamosi zao zilivyoanza. Nukta alikuja na daftari na viatu vya raba alivyovinunua siku ileile.

Uwanja wa kwanza ulikuwa nyuma ya mtambo wa kusafishia maji ya mji: vikapu tisa, nyasi fupi, ardhi tambarare kama meza. Nukta aliandika, "Mpeleke hapa mgeni, na mtoto, na mtu aliyekata tamaa." Wa pili ulizunguka bustani ya hospitali, ambako wagonjwa waliotolewa kwenye roshani kwa viti vya magurudumu walishangilia kila kisahani kilichogonga minyororo. Hapo ndipo alipomfahamu Nesi, rafiki mkubwa wa Fundi, mwanamke mrefu mwenye viatu vyeupe na sauti ya kuita majina kwenye foleni. Nesi alimwita "shemeji" kabla hata ya kuambiwa lolote.

"Mimi si shemeji yako," Nukta alisema.

"Bado," Nesi alijibu, akarusha.

Wa tatu ulikuwa kilimani, kwenye misonobari iliyobanana. "Ni kama kurusha ndani ya kabati la nguo," Nukta aliandika, na huko, kwenye mteremko wenye utelezi wa sindano za miti, Fundi alimshika mkono kumsaidia kushuka. Mteremko uliisha, mkono haukuachiwa. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Walitembea hadi kikapu cha kumi wakizungumzia habari za choo.

Huko kilimani ndiko Fundi alikomfundisha kazi ya mwangalizi. Kwenye kona ambako mrushaji haoni kikapu, mtu mmoja hutangulia mbele, husimama kule kisahani kitakakoangukia, na huwa na vibendera viwili. Kikitua ndani ya kamba ya mpaka, anachomeka cha kijani kando yake. Kikitua nje, chekundu.

"Mwangalizi haangalii mtu, mpenzi wangu, anaangalia kisahani," Fundi alisema. Neno "mpenzi" lilikuwa limeanza kujipenyeza hivihivi, katikati ya sentensi. "Na hakigusi. Hata kikikuangukia mguuni."

"Hata kikiwa chako?"

"Hasa kikiwa changu. Watasema tunapendeleana."

Nukta alilishika neno hilo kama alivyoshika mambo yote. Alikuwa mtu ambaye alipoambiwa kurasa ziwe na nafasi ya vidole viwili, alipima.

Wa nne ulikuwa kwenye viwanja vya chuo cha ufundi, vikapu vimechomelewa na wanafunzi wenyewe, kila kimoja kimepinda kwa namna yake. Kati ya Jumamosi na Jumamosi simu hazikukoma.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe uko wapi, mbona sauti kama imetoka kisimani?"

"Niko juu ya lifti, ghorofa ya tano."

"Shuka kwanza ndipo unipigie!"

"Nikishuka utasema umelala."

Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika mji mwingine. Kila Jumapili alipiga simu na kumhoji kama mtahiniwa. "Huyo bwana amesema nini cha maana?" "Hajasema, dada." "Na wewe umemwambia nini?" "Sijasema." "Basi mnaongea nini masaa yote hayo?" Nukta alikuwa na miaka thelathini na nne, na kila alipopiga magoti kabla ya kulala alimtaja Fundi kwa Mungu kwa ufupi, bila kuomba kitu, kama mtu anayempitisha mgeni mlangoni na kuwaacha wazungumze.

Kisha ikaja siku ya machimboni.

Uwanja wa tano ulikuwa kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Kikapu cha saba ndicho kilichoufanya ujulikane mkoa mzima: mrushaji husimama ukingoni, chini kuna bonde la mawe meupe, na kikapu kiko ng'ambo, nyuma ya mwamba, hakionekani. Siku hiyo yalikuwa mashindano ya chama. Nukta aliwekwa kuwa mwangalizi wa kikapu hicho, amevaa kofia ya nyasi na fulana ya chama iliyomfika magotini.

Kabla hajavuka kwenda ng'ambo, Fundi alimvuta kando. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Nukta, kisahani changu cha hapa kiangalie vizuri."

"Naangalia vyote vizuri."

"Changu kiangalie zaidi."

"Umeanza," alimcheka. "Unataka kombe, siyo?"

Fundi alikaza mkoba begani, akaelekea ukingoni.

Wakati zamu yake ilipofika, Nukta aliona watu wengi wamejazana ukingoni, kumi na zaidi, pamoja na Nesi. Aliona mkono wa Fundi ukienda nyuma na kurudi. Kisahani cheusi, ambacho hakuwahi kukiona, kiliruka juu ya bonde, kikayumba, kikagonga mwamba, kikabingirika kwa ubavu, kikavuka kamba na kulala kifudifudi kwenye nyasi. Hatua tatu nje. Alikiinamia. Aliona namba ya simu anayoijua kwa moyo. Roho ilimuuma, maana alijua jinsi Fundi alivyojiandaa, lakini haki ni haki. Alichomeka kibendera chekundu, akasimama wima, akageuka kumwangalia mrushaji anayefuata.

Hakukuwa na mrushaji anayefuata. Ukingoni watu wote walikuwa wamesimama kama wamemwagiwa maji. Kisha Fundi akavuka bonde peke yake, polepole. Alifika, akainama, akaokota kisahani na kukitia mkobani bila kukitazama.

"Pole," Nukta alisema. "Upepo."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu. "Asante kwa kunijibu," alisema, akaondoka.

Nukta alibaki na kibendera cha kijani mkononi. Kunijibu? Nilijibu nini? Jioni hakuna aliyempa lifti ya gari kurudi mjini. Nesi alipita mbele yake, akasema, "Kwaheri, dada." Siyo shemeji. Dada.

Wiki ya kwanza simu ya Fundi iliita bila kupokelewa. Ya pili ikapokelewa.

"Fundi, mbona kimya hivi? Nimekukosea nini?"

"Hujakosea. Ulionyesha ulichokiona."

"Ndiyo, na nilikiona vizuri. Kilikuwa nje, tena wazi. Ulitaka nidanganye mbele ya watu?"

"Hapana." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya. "Kwenye jambo kama lile uongo haufai."

"Basi usilichukulie zito hivyo. Kabla yako niliwachomekea chekundu watu watano. Mmoja alicheka tu akaenda kunywa soda."

"Kwa hiyo kwako ni kitu kilekile," Fundi alisema.

"Si ni kitu kilekile? Sheria ni moja kwa wote. Utajaribu tena mwakani."

"Mwakani," Fundi alirudia, kama mtu anayesoma neno la lugha asiyoijua. "Haya, Nukta. Mungu akubariki." Simu ikakatika.

Aliitazama simu ile kama imemuuma. Aligeuza maneno yote upya, moja moja, kama anavyokagua ukurasa wenye kosa asiloliona. Mtu mzima, fundi wa lifti, anayening'inia juu ya ghorofa kumi na mbili bila kutetemeka, anasusa kwa ajili ya kombe la bati? Na hao wengine je? Alikutana na bibi wa miaka sitini na mbili sokoni, bibi akamwangalia kwa huruma na kusema, "Mjukuu wangu, moyo haulazimishwi, lakini ungemwita pembeni." Nukta alijibu, "Bibi, sheria inasema kibendera kichomekwe palepale." Bibi alitikisa kichwa, akashika njia yake.

Hakuelewa hili wala lile. Aliingia ibadani akakaa kiti cha nyuma. "Baba," aliomba, "nionyeshe kosa langu. Sijui hata niombe nini. Nionyeshe tu." Alipomweleza dada yake kwenye simu, dada alisema, "Mwanamume anayelilia sahani, mwache." Lakini Nukta alilia wiki hiyo, na iliyofuata.

Wiki ya tano, mwenye duka aliweka mswada wa kijitabu mezani kwake.

"Kurasa nne tupu. Uwanja wa sita uko wapi?"

"Hatukwenda."

"Mtunzi wako anahama. Amekuja jana ulipokuwa benki. Kampuni yao imefungua tawi mkoa mwingine, yeye ndiye aliyeomba kwenda. Anaondoka kesho kutwa, Jumapili. Amesema jina lake lisiwekwe, liwekwe lako." Mwenye duka alivua miwani. "Mwanangu, kuna nini kati yenu?"

"Ningejua ningekwambia, mzee."

Jumamosi alikwenda uwanja wa sita peke yake. Ulikuwa uwanja wa ndege wa zamani, lami imepasuka na majani yameota kwenye nyufa, hakuna mti hata mmoja, upepo mtupu. Vikapu kumi na nane vilionekana vyote kwa pamoja toka mlangoni. Alifungua daftari, akaandika, "Hapa huna pa kujificha," akasita, machozi yakambana.

Kwenye kikapu cha nne alimkuta Nesi, peke yake, viatu vyeupe, anarusha kwa nguvu zisizohitajika.

"Dada mchapaji," Nesi alisema. "Umekuja na vibendera vyako?"

Nukta alifunga daftari. "Nesi, niambie leo. Mbona mnanichukia? Kwa sababu ya kisahani kimoja kilichotoka nje? Kombe lenyewe la bati!"

"Kombe? Nani anazungumzia kombe?"

"Sasa mnazungumzia nini?"

Nesi alimkazia macho. "Usinifanye mtoto. Jioni mbili tumekaa kwangu, mimi na yeye, kumsaidia kuandika kwa kalamu nyeupe, herufi zisiende kombo. Mtu anakuandikia ombi la maisha yake, anakurushia mbele ya marafiki zake wote, wewe unasoma, unachomeka chekundu na kugeuka kumtafuta mrushaji mwingine! Tena unamwambia pole, upepo!"

"Nasoma nini? Aliandika wapi?"

"Juu ya kisahani! 'Nukta, nikubali niwe mumeo.' Imejaa duara zima."

Upepo ulipeperusha kofia ya Nukta, hakuifuata.

"Juu," alisema taratibu. "Mimi niliona namba ya simu."

Nesi alimwangalia Nukta, akaangalia kisahani mkononi mwake, akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule.

"Kililala kifudifudi?"

"Kifudifudi."

"Na hukukigeuza?"

"Mwangalizi hakigusi!" Nukta alipaza sauti mpaka ikamwogopesha. "Yeye ndiye aliyenifundisha! Hata kikiwa chake, hasa kikiwa chake!"

Nesi aliketi chini palepale kwenye lami. "Mungu wangu," alisema. "Tulikuwa watu kumi na wanne pale ukingoni. Wote tunajua sheria. Hakuna hata mmoja aliyewaza." Kisha akainuka kwa kasi na kutafuta funguo za gari. "Twende, shemeji. Twende sasa hivi."

Fundi alikaa chumba kimoja, ghorofa ya tatu, mwisho wa korido yenye kamba za nguo. Mlango ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimefunguliwa na kuegemezwa ukutani, masanduku mawili yamefungwa kwa kamba, na yeye, amevaa shati jeupe lililokunjamana, alikuwa akifunga vyombo kwa magazeti. Alipomwona Nukta, bilauri ilimteleza, akaidaka.

Nukta alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yalimtoroka.

"Sikusoma," alisema.

"Nini?"

"Sikusoma ulichoandika. Kililala kifudifudi. Sikukigusa. Ulinikataza."

Fundi alisimama na bilauri mkononi. Uso wake ulipita hatua moja moja, kama taa za ghorofa.

"Kwa hiyo chekundu..."

"Kilikuwa nje, Fundi! Hatua tatu!"

"Na wale watano..."

"Walirusha nje!"

Aliketi juu ya sanduku. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajifunika uso. Nukta alitamani kwenda kumshika kichwa. Badala yake, na jambo hili lilimshangaza mwenyewe, alijikuta amekasirika kuliko wiki zote tano zile alizozihesabu.

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliuliza..."

"Plastiki ndiyo iliyouliza. Wewe hukuuliza. Wiki tano! Lifti ikigoma unashuka shimoni kutafuta kwa nini. Mimi nikigoma unafunga mizigo."

Fundi alitoa mikono usoni. "Niliogopa," alisema. "Kule juu nina mkanda, nikiteleza unanishika. Kukuuliza wewe kwa mdomo sikuona pa kufunga mkanda. Nikaona nikirusha, basi kikianguka vibaya kimeanguka chenyewe." "Umesema kweli. Nilipoona chekundu nilikimbia."

"Na uhamisho?"

"Nimeshatia saini. Miezi sita. Siwezi kuurudisha."

Chini, honi ya Nesi ililia mara mbili, kuuliza kulikoni. Hakuna aliyekwenda dirishani.

Fundi alisimama. Hakupiga goti, hapakuwa na nafasi kati ya masanduku. Aliweka bilauri sakafuni, akanyoosha shati.

"Nukta. Nakuuliza kwa mdomo. Nikubali niwe mumeo."

Njia nzima, ndani ya gari la Nesi, jibu lilikuwa tayari ulimini. Sasa halikuwepo. Kichwa kilimzunguka: huyu ndiye mtu anayemtaka, na huyu ndiye mtu aliyekimbia, ameulizwa, na aliyemuuliza anaondoka kesho.

"Ngoja," alisema. "Usitoke."

"Niende wapi?"

Alitoka hadi mwisho wa korido, penye bomba na ndoo za majirani. Alinawa uso. Redio ya mtu ilisoma matangazo ya vifo. "Baba," alisema kwa sauti ya chini, "wiki tano nimekuomba unionyeshe kosa langu. Umenionyesha la mwenzangu, na sasa nimechanganyikiwa zaidi ya mwanzo." Alisubiri. Hakuna sauti iliyokuja, ila ya bomba linalodondosha. Alisubiri tena. Hasira ilikuwa palepale, haikwenda kokote. Lakini alipoichungulia vizuri aliona kuwa ilikuwa hasira ya mtu asiyetaka mwenzake aondoke, na kwamba hasira ya namna hiyo mtu anaweza kuishi nayo nyumba moja. Alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, akarudi.

Fundi hakuwa amesogea hata hatua.

"Mpigie dada yangu," Nukta alisema.

"Sasa?"

"Sasa. Kwa mdomo."

Alimpa namba. Fundi alibonyeza, akaweka simu isikike na wote wawili. Iliita mara nne.

"Haloo!" Sauti ya kengele ya shule.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni... fundi wa lifti."

"Shule yetu haina ghorofa, baba. Umekosea namba."

"Hapana, dada, usikate! Ni yule wa mdogo wako."

"Yule aliyemliza wiki tano?"

"Huyohuyo."

"Endelea. Nakusikiliza."

Fundi alimtazama Nukta kuomba msaada, Nukta akatazama dari. "Dada, ilikuwa bahati mbaya. Kilianguka kifudifudi, hakusoma."

"Nini kilianguka kifudifudi?"

"Kisahani."

"Umemrushia mdogo wangu sahani?"

Nukta alijiuma kidole. Jasho lilimtoka Fundi kama yuko shimoni. Alivuta pumzi, akaanza upya, mara hii bila visahani. Alisema yeye ni nani, na ana umri gani, na anafanya kazi gani. Alisema aliogopa, akakimbia, na amekosa. Alisema anaondoka kesho kwa miezi sita, na kwamba atakuja mwenyewe nyumbani kwa dada mwisho wa mwezi kuyasema haya uso kwa uso. Alisema anamtaka Nukta awe mke wake. Ilimchukua muda mrefu, na sentensi nyingi hazikuwa na mwisho.

"Vizuri," dada alisema. "Na yeye amekubali?"

Fundi alifunika simu kwa kiganja. "Anauliza kama umekubali."

"Nimesikia."

"Nimwambie nini?"

Nukta alimtazama: shati limelowa mgongoni, gazeti limenasa kwenye kiatu, macho yanasubiri na hayakimbii. Alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Dada, ni mimi. Nimekubali."

Upande wa pili palisikika kiti kikivutwa, pua ikipengwa, kisha kengele ileile, ila imepasuka kidogo katikati.

"Haya. Mrudishie simu huyo bwana. Sijamaliza naye."

Fundi aliichukua kwa mikono miwili, akasimama wima.